Mkanda wa NATO na Kipande Chake cha Pili

Nilikuwa kwa fundi saa mmoja pembezoni mwa Kariakoo, nimekaa kwenye kigoda nikisubiri kubadilishiwa betri, alipofika kijana mmoja mtanashati na saa mkononi. Mkanda wake ulikuwa wa nailoni, milia myeusi na ya kijivu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana wangu. Karibu."

"Naomba unikatie hiki kipande cha chini. Kinaifanya saa ikae juu juu, halafu hakina kazi."

Mzee aliipokea saa, akaigeuza, akapitisha kucha katikati ya tabaka mbili za nailoni zilizolala mgongoni mwake. Kisha akaufungua mkanda wote, akaushika upande wa bizimu na kuukung'uta kama mtu anayekung'uta kitambaa chenye vumbi. Saa haikusogea. Akaivuta ncha ya mkanda kutoka kwenye pete ya kile kipande kifupi, akakung'uta tena, safari hii akiwa ametega kiganja kwa chini. Saa iliteleza kwenye nailoni na kutua mkononi mwake.

"Umeona kazi yake? Nikikikata, siku utakayovua saa ukiwa umesimama, utaniletea kioo kilichopasuka."

Kijana alicheka kwa aibu. "Mzee, mimi niliununua kwa ajili ya rangi."

Sentensi hiyo nimeikumbuka mara nyingi tangu siku ile. Mkanda wa NATO ni kitu ambacho kila sehemu yake iliwekwa kwa sababu: urefu wake, pete zake, tundu zake, hata ule mkia unaobaki na kukunjwa. Aliyeubuni hakuwa mbunifu wa mitindo, na hakuna aliyemwomba aufanye upendeze. Leo unauzwa kwenye maduka ya nguo kutoka London hadi Tokyo, na wengi wanaouvaa wanauchagua kama wanavyochagua tai au soksi. Ilikuwaje kifaa cha bohari ya jeshi kikawa pambo la mkono wa raia? Jibu linalosikika kila mahali ni kwamba sinema ndiyo iliyoupa umaarufu. Mimi naona jibu hilo limeanzia mwisho. Chanzo ni pini, zile nondo mbili ndogo zinazoshika mkanda kwenye masikio ya saa.

Mwanzoni mwa karne ya 20 saa ya mwanamume ilikaa mfukoni. Iliyofungwa mkononi ilihesabiwa kuwa bangili ya kike, na mwanamume aliyeivaa alichekwa. Vita ndivyo vilivyobadilisha hali. Katika Vita vya Makaburu, kati ya 1899 na 1902, maafisa wa Uingereza walitia saa zao za mfukoni kwenye vikombe vya ngozi na kuvifunga mkononi, kwa sababu mtu aliye juu ya farasi na bunduki mkononi hana nafasi ya kupapasa mfuko. Ilipofika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, mashambulizi ya mizinga na ya askari wa miguu yalikuwa yakipangwa kwa dakika. Kuangalia saa haraka likawa jambo la kufa na kupona. Watengenezaji wakachukua saa ndogo ya mfukoni na kuichomelea vipande viwili vya waya, kimoja juu na kimoja chini, ili mkanda wa ngozi upite.

Waya hizo hazikutoka, na hapo ndipo umbo la mkanda lilipoamuliwa. Kwenye waya iliyochomelewa mtu ana njia mbili tu. Anaweza kushonea vipande viwili vya ngozi pale pale juu ya saa, kazi inayohitaji fundi kila mkanda unapochakaa. Au anapitisha utepe mmoja mrefu kutoka waya ya juu, chini ya tumbo la saa, hadi waya ya pili, na kazi imekwisha. Askari aliye shimoni hana fundi. Utepe mmoja ndio uliomfaa.

Baadaye ikaja pini ya springi, ile tunayoijua wote: kijibomba chembamba chenye springi ndani, unakibonyeza kwa kijibisibisi kinatoka. Kwa raia ilikuwa neema, kwani mkanda unabadilishwa kwa dakika mbili. Kwa askari ilikuwa hatari. Pini ya springi inaweza kuruka saa inapokwama kwenye kamba, kwenye mlango wa gari la deraya au kwenye mkono wa mwenzako, na saa ikipotea vitani haitafutwi. Ndiyo maana jeshi la Uingereza liliendelea kupenda pini zisizotoka. Saa zilizoagizwa na serikali ya nchi hiyo kutoka kampuni kumi na mbili na kupokelewa mwaka 1945, zile zilizochapwa herufi W.W.W. mgongoni, nyingi zilikuwa na nondo imara kati ya masikio. Miaka thelathini baadaye saa za jeshi hilo bado zilikuwa hivyo. Mwenye saa ya namna hiyo hachagui mkanda; pini zimeshamchagulia.

Lilibaki swali la mkanda utengenezwe kwa kitu gani. Ngozi ni nzuri ofisini, lakini jasho huila, maji ya chumvi huikausha ikapasuka, na kwenye unyevu wa misitu ya joto huota ukungu ndani ya siku chache. Turubai ya pamba ilivumilia zaidi, ila nayo ilinyonya maji na kuoza. Nailoni ilikuja kutoka maabara ya DuPont nchini Marekani, ambako Wallace Carothers na wenzake waliipata mwaka 1935. Ilianza kuuzwa kwa wingi kama soksi ndefu za wanawake mwaka 1940. Vita vikainyakua. Hariri ya Japani ilipokosekana, nailoni ikawa miavuli ya kurukia kutoka kwenye ndege, kamba na hema. Vita vilipokwisha dunia ilikuwa na viwanda vingi vinavyojua kufuma utepe wa nailoni usiooza na unaokauka haraka. Kuufunga kwenye saa ilikuwa hatua fupi, na jeshi la Marekani nalo lilipiga hatua hiyo katika miaka ya 1960, likiwapa askari wake waliokwenda Vietnam mikanda ya nailoni ya kipande kimoja.

Tarehe 30 Novemba 1973, Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilitoa waraka wa kiwango namba 66-15. Kichwa chake kilisema tu kuwa ni mkanda wa saa ya mkononi. Ndani yake kulikuwa na vipimo: nailoni, upana milimita 20, rangi moja tu, kijivu cha jeshi la majini. Bizimu na pete ziwe za shaba iliyopakwa kromi. Na chini ya utepe mkuu kiwepo kipande kifupi chenye pete mwishoni, ili saa ikishapitishwa kwenye utepe, na ncha ya utepe ikishapita kwenye pete hiyo, saa ibaki palepale.

Nimeushika mkanda wa aina hiyo mara nyingi na kila mara nauona umekamilika. Urefu wake ni kama sentimita 28, mrefu kupita mkono wa mtu yeyote, kwa sababu mpiga mbizi huuvaa juu ya suti ya mpira na rubani juu ya koti. Anayeuvaa kwenye mkono mtupu hubakiwa na mkia, hivyo huukunja kurudi nyuma na kuuchomeka kwenye pete. Tundu zimetobolewa kwa joto, kingo zake zikayeyuka kidogo zikashikana ili nyuzi zisichanuke. Pini moja ikikatika, saa inaning'inia kwa ile ya pili, maana utepe umepita kwenye zote mbili. Hakuna mshono wa urembo wala nembo. Aliyeandika waraka ule alifikiria namna saa inavyopotea, akaziba njia moja baada ya nyingine.

Majina ya mkanda huu nayo yalitoka ofisini. Askari aliyetaka mkanda alijaza fomu namba G1098, akaipeleka bohari. Kwa kufupisha, wakauita G10. Jina la NATO lilitokana na namba ya bidhaa. Nchi wanachama wa muungano wa kijeshi wa NATO hutumia mfumo mmoja wa tarakimu 13 kutambua kila kitu kilichomo bohari, kuanzia buti hadi vipuri vya vifaru. Katika namba ya mkanda huu, tarakimu nne za mwanzo, 6645, ni za kundi la vifaa vya kupimia wakati, na 99 zinazofuata ni za Uingereza. Muungano wenyewe haukuubuni wala haukuwahi kuamuru majeshi yake yauvae. Ni mkanda wa Waingereza wenye namba ya stoo, na dunia ikaligeuza neno la kwenye namba kuwa jina la ukoo.

Tangu mwaka 1978 utengenezaji ulishikwa na kampuni inayojulikana leo kama Phoenix, ya huko Cardiff, Wales. Saa nyingi zilizovaliwa nao zilitoka kampuni ya Cabot, maarufu kwa herufi CWC, iliyoanzishwa mwaka 1972 na Ray Mellor. Cabot ililipatia jeshi saa ya kujaza kwa mkono kuanzia 1976, na kuanzia 1980 saa ya betri ambayo nayo ilikuja kuitwa G10. Saa na mkanda vikashiriki jina moja, na saa zote mbili, ya kujaza na ya betri, zilikuwa na zile pini zisizotoka.

Kijivu hakikudumu peke yake. Vikosi vya Uingereza vina desturi ya zamani ya rangi: kila kikosi kina milia yake, kwenye tai, kwenye utepe wa medali, kwenye mikanda ya kiunoni. Askari akikutana na mwenzake uraiani anamtambua kwa tai. Haikuchukua muda mikanda ya saa yenye milia ya vikosi ikaanza kuuzwa. Hapa ndipo urembo ulipoingia kwa mara ya kwanza, nao uliingia kwa maana ya utambulisho. Milia ilisema mimi ni wa kikosi fulani. Aliyeivaa bila haki alikuwa kama mtu aliyevaa medali asiyoipata.

Sasa tuje kwenye sinema. Mwaka 1964 ilitoka Goldfinger, Sean Connery akiigiza James Bond. Mwanzoni kabisa Bond anavua suti ya kupigia mbizi, ndani amevaa koti jeupe la jioni na ua jekundu kifuani. Anaingia mlango wa baa, anawasha kiberiti cha gesi, na kwa mwanga wake anaangalia saa. Ni Rolex Submariner. Mkanda ni wa nailoni wenye milia, mwembamba kuliko nafasi iliyopo kati ya masikio ya saa, kiasi kwamba pini zinaonekana pembeni. Picha hiyo ya sekunde chache hutumiwa sana kuuza mikanda, na wauzaji wengi wa mikanda ya milia hulitumia jina la Bond.

Ukiiangalia kwa makini, hadithi hiyo ina kasoro tatu. Kwanza, sinema ni ya 1964 na waraka wa jeshi ni wa 1973. Bond hakuvaa mkanda wa NATO, haukuwepo. Pili, mkanda wake ulikuwa wa utepe mmoja, bila kipande cha pili. Tatu ni rangi. Kwa miongo kadhaa watazamaji waliamini kuwa milia ile ni myeusi na ya kijivu, na wafanyabiashara wakauza mikanda mingi ya rangi hizo. Sinema iliposafishwa na kutolewa kwa picha angavu, ilionekana kuwa mkanda ulikuwa wa buluu nzito wenye milia ya kijani na mistari myembamba myekundu. Watu walikuwa wakinunua kivuli cha televisheni mbovu.

Zaidi ya hapo, kama sinema ndiyo iliyoanzisha mtindo, mbona mtindo haukuja mwaka 1965? Goldfinger ilijaza kumbi za sinema duniani kote. Wanaume waliiga suti za Bond, magari yake na vinywaji vyake. Mkanda hawakuuiga. Ulikaa kimya karibu miaka 40. Sinema iliupa mkanda hadithi ya kusimulia baada ya mtindo kuwa tayari umeota mizizi mahali pengine.

Mizizi hiyo naiona kwenye mauzo ya vifaa vilivyostaafishwa. Jeshi la Uingereza lilipoondoa saa zake kazini, zikaingia sokoni kwa bei rahisi. Miaka ya 1980 na 1990 wakusanyaji wa saa walianza kuzitafuta. Waligundua haraka kuwa duka la saa la kawaida haliwezi kuwasaidia: mkanda wa ngozi wa vipande viwili hauingii kwenye pini zisizotoka. Kilichowafaa ni utepe mmoja, ule ule wa kijivu. Kwa hiyo wapenzi wa kwanza wa mkanda huu miongoni mwa raia hawakuuchagua kwa ladha. Walilazimika. Na kwa kuwa walikuwa watu wanaojali ukweli wa vitu, walianza kuuheshimu. Rolex Submariner chache zilizotengenezwa kwa ajili ya jeshi la majini la Uingereza katika miaka ya 1970, zenye pini zilizochomelewa, leo huuzwa mnadani kwa zaidi ya dola 100,000, na zinapopigwa picha mara nyingi huwa zimevalishwa mkanda wa nailoni wenye thamani ya chakula cha mchana. Mchanganyiko huo, saa ya thamani kubwa na mkanda wa bei ya chini, ndio uliogeuza macho ya watu. Ulionyesha kuwa mwenye saa anaijua vizuri kiasi cha kutohitaji kuipamba.

Kisha ikaja miaka ya 2008 hadi 2015, na hapo mambo yalikwenda kasi. Uchumi wa dunia ulikuwa umeyumba, na mavazi ya kiume ya Marekani na Ulaya yakageukia vitu vya kazi na vya jeshi: buti, suruali za kaki, makoti ya mabaharia. Duka la nguo la J.Crew la Marekani lilianza kuuza saa za Timex zenye sura ya kijeshi pamoja na mikanda ya nailoni ya kubadilisha. Timex yenyewe ikatoa saa iitwayo Weekender, ya chini ya dola 50, yenye mkanda wa kupitisha. Kwa mara ya kwanza kijana asiye na fedha nyingi aliweza kuwa na saa moja na mikanda saba, akaonekana kama mwenye saa saba. Mwanamume wa kawaida ana mapambo machache; akiondoa pete ya ndoa, kilichobaki ni saa. Mkanda ulimfungulia mlango wa rangi bila kumtoa kwenye desturi.

Mwaka 2011 Msweden Filip Tysander alianzisha kampuni ya Daniel Wellington. Kwa mujibu wa simulizi la kampuni yenyewe, alikutana safarini Australia na Mwingereza aliyevaa Rolex ya zamani kwenye mkanda wa nailoni uliochakaa, akavutiwa. Akatengeneza saa nyembamba, tupu, akaivalisha milia, akawapelekea bure watu wenye wafuasi wengi Instagram waipige picha. Mbinu hiyo iliuza saa kwa mamilioni. Wanawake waliingia kwa wingi wakati huo, na milia ikapata rangi za waridi na krimu. Nashikilia kuwa hapo ndipo kamba iliyofunga mkanda na pini ilipokatika. Saa hizo zilikuwa na pini za springi. Zingeweza kuvaa mkanda wowote. Umbo la kipande cha pili lilibaki kama alama, jinsi mabega ya koti la kijeshi yanavyobaki na vifungo ambavyo havishiki cheo chochote.

Kampuni kubwa za Uswisi hazikukaa pembeni. Tudor ilitangulia mwaka 2010 kwa kutoa saa yenye mkanda wa kitambaa, na namna ilivyofanya inastahili sifa. Ilikwenda eneo la Saint-Étienne, Ufaransa, mji uliojengwa na ufumaji wa utepe, ikaagiza kwa kampuni ya familia ya Julien Faure, inayotumia vitanda vya kufumia vya karne ya 19. Mkanda unafumwa polepole, nyuzi zimekaza, kingo zimefungwa na ufumaji wenyewe badala ya kukatwa na kuchomwa. Tudor ilikuwa na haki ya kufanya hivyo. Kwa miaka mingi iliuzia jeshi la majini la Ufaransa saa bila mikanda, na wapiga mbizi wakajitengenezea wenyewe. Baadhi yao walichukua mpira wa kuvutika kutoka kwenye miavuli ya kurukia, wa kijani wenye mstari katikati, wakaukata na kuufunga. Mwaka 2021 Tudor ilitoa saa ya Pelagos FXD kwa kushirikiana na wapiga mbizi hao, ikiwa na pini zisizotoka. Miaka zaidi ya mia moja baada ya waya za mashimo ya vita, nondo imara ikawa tena kitu cha kuuzwa kwa fahari.

Omega ilichukua njia nyingine. Mwaka 2015, kwa ajili ya sinema ya Bond iitwayo Spectre, ilitoa saa 7,007 za toleo maalumu, kwenye mkanda wa milia myeusi na ya kijivu. Tafakari jambo hilo. Rangi ambazo watazamaji walidhani wameziona mwaka 1964, na ambazo hazikuwepo, zilivaliwa na Bond wa kweli wa sinema miaka 51 baadaye. Kosa la macho likawa ukweli kwa nguvu ya kurudiwa. Mkanda peke yake ukinunuliwa kwa Omega unazidi dola 100. Ule wa jeshi ni wa bei ndogo zaidi. Nimelinganisha aina zote mbili kwa mkono. Wa ghali ni laini zaidi na pete zake zimeng'arishwa vizuri. Kazi ni ile ile, na tofauti ya bei hailipiwi na kitu chochote utakachokihisi mkononi baada ya wiki moja.

Apple nayo ilifuata Machi 2016 kwa mkanda wa nailoni iliyofumwa, dola 49, wa vipande viwili, kwa saa ambayo haina pini kabisa. Wauzaji wengine wakaongeza nailoni nene kama ya mikanda ya usalama ya magari, na pete za chuma za mviringo, wakaliita toleo hilo Zulu. Watu wa taifa la Wazulu hawana uhusiano wowote na mkanda huo, na jeshi la Uingereza halikuutoa. Kama jina liliwekwa kwa sababu lilisikika la kivita, mimi naona ni vibaya kulibandika jina la watu kwenye bidhaa kwa sababu hiyo.

Je, mtindo umeuharibu mkanda? Kwa upande mmoja, ndiyo. Soko limejaa nakala zenye tundu zilizokatwa bila kuyeyushwa, zinazochanuka baada ya mwezi, na pete zisizoshikiliwa imara. Zipo hata ambazo kipande cha pili ni kifupi mno kupitisha saa ya kawaida, yaani kimewekwa kwa sura tu. Kwa upande mwingine, mtindo umeufikisha kwa watu waliouhitaji kweli. Katika joto la pwani yetu, ngozi nzuri haimalizi masika mbili bila kunuka na kupasuka. Bodaboda, mvuvi, muuguzi anayenawa mikono mara arobaini kwa zamu, wote wanafaidika na utepe unaofuliwa kwa sabuni jioni na kukauka kabla ya asubuhi. Machinga anauuza kando ya barabara kwa bei ambayo mkanda wa ngozi halisi hauwezi kuifikia. Mkanda uliobuniwa kwa mtu asiye na fundi jirani, mwenye jasho na maji mkononi, umewafikia watu wa hali hiyo hiyo.

Malalamiko ya yule kijana nayo yana ukweli. Tabaka mbili za nailoni huinua saa, na saa nene ikiinuliwa zaidi inagonga kila kizingiti cha mlango. Chini ya mkono wa shati la kufunga vifungo haikai. Kwenye suti ya harusi sioni kama milia ya nailoni inafaa, ingawa wengi watanibishia.

Mzee wa Kariakoo hakukikata kile kipande. Alivuta droo, akatoa mkanda mwingine wa utepe mmoja, mwembamba, wa buluu, akaupitisha kwenye saa na kumrudishia kijana ule wa milia ukiwa mzima ndani ya mfuko mdogo wa plastiki. "Huu wa safu moja utakaa chini kama unavyotaka," alimwambia. "Ila usisimame sakafuni kuuvua. Vulia juu ya kitanda." Kijana alilipa, akaondoka akiutazama mkono wake.

Hivyo ndivyo ningemshauri msomaji pia. Ukitaka saa ikae chini, nunua mkanda wa safu moja, aina ile ile aliyovaa Connery mwaka 1964, na usiuite NATO. Ukinunua wenye vipande viwili, kagua kama pete zimeshikiliwa imara na tundu zimeyeyushwa kingo, kisha uuache kama ulivyo. Kile kipande cha pili ndicho mkanda wa 1973.